Sebule Iliyopinda ya Bi Rukia

Siku ya mwanzo kazini, katika duka la sakafu pale Al Baraha, ughaibuni, msimamizi wa vipimo alinikabidhi tepu na chaki. "Chumba cha pembe nne kila mtu anakipima," akaniambia. "Wewe utakula kwa vile vilivyopinda."

Miaka ikapita, nami nikawa mpimaji mkuu. Ndipo alipotupigia simu Bi Rukia, mama wa Kiunguja anayekaa Jumeirah Village Circle, mtaa wa barabara za mviringo. Mumewe, Mzee Suleiman, mstaafu wa bandari ya Jebel Ali, alikuwa amepooza miguu, na magurudumu ya kiti chake yalikwama kwenye zulia. Mkewe alitaka sakafu ya mbao.

Meneja wa duka alimpa bei kwa simu, akizidisha urefu mkubwa zaidi kwa upana mkubwa zaidi aliotajiwa. Nilipofika nikaona vyumba vingine ni vya pembe nne, lakini sebule imefuata mzunguko wa barabara. Ukuta wa nje umepinda, wa ndani umekwenda mshazari.

"Bei hiyo hatuiwezi, mwanangu," Bi Rukia akasema. "Tutilieni njia tu, kutoka kitandani mpaka chooni."

Mumewe akageuza uso dirishani.

Nikampigia meneja. "Sir, mama huyu tunamuuzia mbao za mahali pasipo na sakafu."

"Basi pima upya," akajibu. "Lakini upotevu usiusahau, tutakula hasara."

Alikuwa na haki. Upotevu ni vipande vinavyokatwa vikatupwa, na chumba kilichopinda kina vingi. Nikaigawa sebule kwa chaki: mstatili katikati, pembetatu penye mshazari. Kwenye upinde nikapima upana mahali kadhaa, nikachukua wastani, nikauzidisha kwa urefu. Nikajumlisha maeneo yote, kisha nikapanga mbao zielekee dirishani, ili vipande vinavyobaki penye pembetatu vimalizie upinde. Upotevu ukapungua, na bei ikashuka mpaka pale walipoweza kuilipia nyumba nzima.

Tulipomaliza kutandika, Mzee Suleiman alikisukuma mwenyewe kiti mpaka dirishani, akarudi, akaenda tena. Mlango ukagongwa. Bi Rukia akainuka.

"Kaa, Rukia," akamwambia. "Nafungua mimi."

Sasa nimestaafu, magoti hayataki tena kupigwa chini. Siku hizi kuna vifaa vinavyopima chumba kwa mwanga, navyo ni vizuri. Vijana wakija kuniuliza kuhusu kazi, nawaambia wamuulize kwanza mwenye nyumba ni nani atakayepita hapo, ndipo wapime.