Functional programming ilivyonusuru zabibu za shangazi yangu Makutupora

Wakuu, heshima zenu. Haya ni kweli tupu. Nikitaja milioni tu ndipo mpunguze wenyewe.

Mimi ni zao la masomo ya jioni ya programming hapa Dodoma. Nilikuwa naamini functional programming, ule mtindo wa kuandika code kama hesabu, ni mchezo wa maprofesa waliokosa kazi.

Wakulima wa zabibu Makutupora wakanipa kazi: mfumo wa kumtumia SMS mkulima ambaye zabibu zake zimekolea sukari, avune. Orodha moja ya majina, nyingine ya vipimo vya sukari, zinakwenda sambamba.

Siku ya kuanza nikaongeza urembo: screen ionyeshe vipimo kuanzia kikubwa. Nika-sort. Ikapendeza, nikajipigia makofi kama milioni hivi.

Kabla ya kubonyeza "tuma", nikaona jina la kwanza la kuambiwa avune. Shangazi yangu.

Sasa, Jumapili nilikuwa nimeonja zabibu yake moja. Chachu! Uso ulijikunja mpaka masikio yakasalimiana.

Na zabibu ikishakatwa haiivi tena. SMS ikienda, shangazi anakata shamba zima, kiwanda cha mvinyo kinazikataa, msimu wake umekwisha.

Nikamwita Mwanaidi, dada wa Kondoa niliyesoma naye. Akatazama code, akacheka.

"Fundi, umewachanganya watu na zabibu zao. Sort yako imepangua vipimo vyenyewe, majina yamebaki yalipokuwa."

"Sasa nifanyeje, dada?"

"Weka toSorted. Inakupa orodha mpya, ile ya kwanza haiguswi."

Neno moja, wakuu. Nikaendesha upya, kila kipimo kikarudi kwa mwenyewe. Jina la shangazi likaondoka kwenye orodha ya kuvuna.

"Hiyo ndiyo functional programming unayoitukana," akasema. "Data ya mwanzo usiiguse. Map na filter unazotumia kila siku kubadili na kuchuja orodha zimetoka hukohuko. Hata Java, language mzee ya maofisini, imeazima lambda, zile function zisizo na jina."

Nikakiri kosa. Wanaonijua wanajua hilo ni ajabu la nane.

Fikirini: wazo la watu wa hesabu, la tangu zamani huko, limepenya kimyakimya mpaka kwenye laptop yangu yenye vumbi, likamkinga mama ambaye code hajawahi kuisikia.

Nilichojifunza ni kutodharau wazo kwa sababu limetoka kwa maprofesa. Huenda unalitumia tangu asubuhi.

Wiki kadhaa baadaye SMS ya shangazi ilikwenda kihalali. Akavuna, kiwanda kikapokea, akanibakizia kishada.

Nikala. Masikio yalitulia mahali pake.

Haya, language yako wewe imeazima nini huko? Tiririkeni.