Sababu Zangu za Kutaka Graniti

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sisemi hivyo kwa kujisifu, ni vile tu nje hakujawahi kunipendeza sana. Huku kwetu Kitengela upepo ukiamua kuvuma unameza vumbi kabla hujameza chai, na sioni kwa nini mtu mwenye akili zake atoke getini bila kulazimishwa. Wa kutoka ni mke wangu. Ana kazi ya ofisi mjini, anaondoka kabla ya jua na kurudi likishalala. Jumamosi, badala ya kupumzika, anapanda juu ya tangi kurekebisha pampu ya maji huku mimi nimemshikia ngazi na kumwambia ajihadhari. Kazi yangu ni kuku wa mayai nyuma ya nyumba. Na kupika.

Hiyo ya kupika ilikuwa siri. Kwetu, upande wa Kati, mwanamume mzima akionekana na mwiko wanauliza mkewe amelazwa hospitali gani. Kwao mke wangu, magharibi, hawaulizi hata hilo, wanaita kikao. Kwa hivyo tulikubaliana tangu zamani kwamba kwa watu wa nje mpishi ni mke wangu, na kwa matumbo yetu mpishi ni mimi. Watoto wetu wako shule za bweni na wamezoea kunyamaza. Wa kufichwa zaidi ya wote alikuwa mama mkwe. Kwao, mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mikono, hawali wakitazamana, na hawakai kiti karibu na kiti. Sasa mama wa heshima hivyo umwambie kwamba mkwewe ndiye hukanda chapati?

Basi mwaka huo jikoni kwetu kukaanza kuoza. Sinki ilikuwa ikivuja bila kutuambia, na mbao zilizoshikilia kaunta yetu ya vigae zikawa laini kama mkate uliochovywa kwenye chai. Fundi akaja, akabonyeza kwa kidole, kidole kikaingia. Akasema hapo hakuna cha kutengeneza, ni kubomoa na kuweka jiwe, tuchague kati ya graniti na kwatzi.

Mke wangu alikuwa ameshachagua. Alikuwa na picha kwenye simu: kaunta ya kwatzi nyeupe kama maziwa, na juu yake chungwa moja tu.

"Hii jikoni inapikwa nini?" nikamuuliza.

"Inapikwa vizuri," akasema.

Mimi nilitaka graniti, na sababu yangu ilikuwa moja. Mimi ni mpishi wa fujo. Sufuria ikitoka kwa moto naitua popote patakapoipokea, sina muda wa kutafuta kitambaa. Fundi alikuwa amenieleza kwamba kwatzi ni mawe yaliyosagwa na kushikanishwa kwa gundi, na gundi haipendi moto. Ukiiwekea sufuria inayochemka inaweza kubaki na alama ya manjano, au hata kupasuka. Graniti ni jiwe zima lilivyotoka ardhini. Hunywa mafuta kidogo usipoipaka dawa yake, na maji yetu ya kisima, yale ya chumvi, huiachia madoa meupe ikiwa ni nyeusi, lakini haiogopi moto.

"Hiyo sababu yako ni nzuri sana," mke wangu akaniambia. "Utamwelezaje muuzaji?"

Alikuwa anacheka, maana alijua wiki hiyo mama yake alikuwa anakuja kukaa nasi, na dukani tungeenda naye. Mama alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, na daktari alitaka amwone tena baada ya muda. Hakuruhusiwa kuinama wala kukaa kwenye moshi, kwa hivyo kupika hangeweza. Tukapanga uongo wetu vizuri. Kila asubuhi, mama akiamka, anakuta chakula cha mchana kimejaa kwenye hotipoti, na mimi namwambia kutoka verandani, kupitia dirishani, kwamba binti yake aliamka mapema sana akapika kabla ya kwenda kazini.

"Huyu mtoto atajiua kwa kazi," mama alikuwa akisema, akila.

"Nimemwambia apunguze, mama," nami najibu kutoka verandani, mikono ikinuka vitunguu.

Jumamosi mke wangu akasema twende wote watatu kuangalia mawe. Karakana ilikuwa kando ya barabara ya Namanga, kabla hujafika Isinya. Mawe yamesimama uani, mabamba makubwa yameegemezana, na mama mkwe na macho yake mapya akawa anayapitia moja moja kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Alijiweka mbali nami kiasi cha heshima, mgongo nusu, lakini sikio lilikuwa kwetu. Aliyetuhudumia alikuwa dada mmoja wa buti na kofia ngumu.

"Hii ndiyo kwatzi," akasema. "Hii haiwezi kunywa mafuta, haiwezi kunywa chai, haiwezi kunywa kitu chochote."

"Kama mchungaji wetu," mke wangu akasema. "Naitaka."

"Tuangalie graniti kwanza," nikasema.

"Kwa nini graniti, baba watoto?" Akaniuliza kwa sauti ya upole kabisa, ya kuniua.

Nikasema graniti ni jiwe la Mungu mwenyewe, halijasagwa na mtu.

"Na unga je? Si umesagwa, na unaula?"

Nikasema nyeupe itaonyesha udongo mweusi wa huku kwetu, mvua ikinyesha.

"Udongo unafika kwa kaunta namna gani? Kwani wewe hutembea juu yake?"

Nikasema nimesikia graniti ni baridi.

"Utailalia?"

Huko nyuma niliona mabega ya mama mkwe yakitikisika. Alikuwa amejiziba mdomo na leso. Yule dada wa kofia akanihurumia, akamgeukia mke wangu ili amalize biashara.

"Madam, kwatzi haina shida, ni vile tu usiiwekee kitu cha moto. Kwa mfano, ukishaepua ugali, sufuria huwa unaweka wapi?"

Mke wangu hajawahi kuepua ugali tangu atoke kwao. Nilimwona akitafuta jibu kwenye mawe yale, kushoto, kulia.

"Kwa sinki," akasema.

Ningenyamaza. Hata leo naona pale pale ambapo ningenyamaza.

"Kwa sinki!" nikasema. "Sufuria ya ugali kwa sinki? Si itashtuka na maji, ugali ishike chini, uanze kuichokora kama mtu anachimba choo? Unaepua, unaigonga kwa kaunta ikiwa bado inatoa moshi, gonga, gonga, iachane na kando, halafu unafunika na sahani, halafu hivi!"

Na kwa "hivi" mikono yangu ikainuka yenyewe, ikageuza sufuria isiyokuwapo juu ya sahani isiyokuwapo, kwa ule mzunguko wa kiganja ambao mtu hawezi kuujua kwa kusikia. Baya zaidi, nilipomaliza nikalainisha kando za ugali huo wa hewani kwa mwiko, nikiwa nimeulowesha kwanza.

Angalau mashine ya kukata mawe ingekuwa inanguruma. Ilikuwa imezimwa, watu wanakunywa chai.

"Huyu mzee anajua," akasema yule dada wa kofia, kwa heshima ya kweli kabisa.

Mama mkwe alikuwa amegeuka mzima. Hakuniangalia usoni, desturi haimruhusu. Aliangalia mikono. Kisha akamwambia binti yake, "Twende nyumbani."

Tukaingia garini. Ng'ombe wa watu wakavuka barabara, tukasimama, tukawangoja, na kwa mara ya kwanza maishani nilitamani wawe wengi zaidi. Nilijua linalokuja. Mama mkwe aliyevunjiwa heshima kwao hakai. Anafunga begi, anarudi kwake, na kumrudisha ni kazi ya wazee na mbuzi. Daktari alikuwa bado hajamwona. Na zaidi ya yote, mama huyu alikuwa amekula chakula cha mkono wangu kila siku, bila kujua, na sasa anajua. Mke wangu alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili kama aliyeanza kujifunza jana.

Tulipofika, mama akaingia ndani. Nikabaki verandani nikisikiliza zipu ya begi. Sikuisikia. Nilisikia kiti.

"Ile kunde ya Jumatano," akamuuliza binti yake, "nani alipika?"

Nikasikia mke wangu akiweka funguo mezani.

"Wewe, nauliza."

"Ni baba watoto, mama."

"Na ile kuku ya Ijumaa?"

"Ni yeye."

"Na mimi nimekaa hapa nikikuhurumia!" akasema. "Nimepigia shangazi zako wote simu, nikiwaambia vile unaamka usiku kupikia watu, na shangazi zako wanalia! Nitawaambia nini sasa?"

"Mama, tulikuwa tu..."

"Nyamaza. Kwa sinki! Nilikuzaa mimi, ukaenda kusema kwa sinki mbele ya watu." Akapumua. "Niko na njaa."

Hilo lilikuwa tatizo kweli. Tulikuwa tumetoka asubuhi wote, na hotipoti ilikuwa tupu. Mke wangu akasimama mlangoni mwa jikoni, akaangalia ndani kama mtu aliyefikishwa mpakani Namanga bila pasipoti. Mimi nikasimama mlangoni mwa veranda. Hakuna aliyejua nani asogee.

Ndipo nikasikia kiti kikikokotwa tena. Mama mkwe alikuwa amekigeuza, akaketi akitazama ukuta, mgongo wote kwa jikoni, leso imefungwa sawa.

"Mimi sasa naangalia ukuta," akatangaza. "Mtu akipika huko nyuma yangu, mimi sijamwona."

Nikapita. Nikawasha gesi, nikabandika maji. Mlango wa jikoni, ambao wiki nzima nilikuwa naufunga, niliuacha wazi.

"Mwambie huyo mtu maji yachemke kwanza," ukuta ukaambiwa. "Ya juzi ilikuwa na mabonge."

"Ameambiwa, mama," akasema mke wangu, ambaye sasa alikuwa anakufa kwa kicheko akiwa ameegemea friji.

"Na aongeze unga. Hiyo ya kwao ni laini, ni kama ya mtu mgonjwa."

Nikaongeza unga. Nikasonga mpaka mkono ukauma. Nyumba ikanuka ugali unaoanza kushika, na kutoka kule kwenye kiti hakukuwa na neno, kitu nilichokichukua kama sifa. Nikaepua. Nikatua sufuria kwenye kaunta yetu ile iliyooza, nikagonga mara moja, nikagonga tena, na kigae kizima kikang'oka pembeni, kikaanguka sakafuni na kuvunjika vipande.

"Hiyo ni nini?" mama akauliza ukuta.

"Ni kigae, mama," nikajibu mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza kumjibu nikiwa jikoni.

"Basi ni graniti," akasema bila kugeuka.

"Lakini mama," mke wangu akasema, "mimi nilitaka nyeupe..."

"Nyeupe ya kufanyia nini? Anayegonga sufuria ndiye anajua jiwe."

"Iko graniti ya kijivu," nikasema kutoka kwenye mvuke wa ugali. "Kijivu hafifu sana. Hata madoa ya chumvi haionyeshi."

Mke wangu akaniangalia. Nilimwona akiipima kijivu hiyo kichwani, akiliweka lile chungwa lake juu yake.

"Hafifu sana?"

"Karibu nyeupe."

"Haya, mmemaliza," mama akasema. "Na wewe, leta sahani kabla ugali haijapoa."

Mke wangu akaja jikoni kuleta sahani. Alifungua kabati ya kwanza, akafunga. Akafungua ya pili, akafunga. Akasimama hapo katikati, kisha akaniuliza kwa kunong'ona, mama yake asisikie, zinakaa wapi.