Fungueni Droo Zote

Nina hasira hadi sasa, na wa kuchapwa kofi ni mimi mwenyewe, mhasibu wa ofisi ya wakili hapa Tarime.

Jana nililinganisha akaunti ya wateja na taarifa ya benki. Hela za mteja wetu Mzee Marwa wa Kerende, za kununulia shamba, nilizoandika zimeingia, benki hazikuwepo! Nikamvaa Bhoke, anayepelekaga fedha benki.

"Mwizi wewe! Wakili, zifunguliwe droo zote, hata yangu!"

Wakili akaanza na yangu. Ikatoka bahasha ya hela zile zile: noti za Kenya, alizoleta mdogo wake Mzee Marwa kutoka ng'ambo ya mpaka. Nilizitunza nikisubiri bei yake ipande kwa wabadili fedha wa mpakani Sirari ndipo nizibadilishe, nikasahau. Mjinga mimi!

Bhoke akauliza kwa upole, "Kaka, na mimi nifungue yangu?"