Joto la Mume Wangu

Mume wangu alikuwa mtu wa koti. Shambani koti, kanisani koti, kwenye foleni ya maji pale Kibimba koti. Kwa hiyo mwaka ule wakimbizi walipojaa Ngara, alipoanza kulivua mchana kweupe na kulitupa juu ya maharage, nilijua mambo yameharibika.

Miezi michache nyuma, madaktari kule Mwanza walikuwa wamemwondoa korodani kwa ajili ya saratani ya tezi dume. Siri hiyo tulikuwa nayo wawili tu. Sasa joto lilimpanda ghafla kifuani hadi usoni, jasho likamtiririka, kisha akatetemeka kwa baridi. "Malaria," akasema, akameza klorokwini. Wiki mbili baadaye, tena. Mara ya tatu nikamburuta hadi zahanati ya kambini, huku akinung'unika kwamba yeye si mkimbizi. Wakapima damu, hakuna malaria.

Tulipofika nyumbani akanionyesha mahali nyuma ya migomba. "Mtanizika hapa. Saratani imerudi."

Niliogopa, jamani. Nikamkalisha mlangoni nikamuuliza: linaanzia wapi? Linakaa muda gani? Alivyokuwa akijibu nikaanza kucheka, Mungu anisamehe.

"Mzee, hilo ni joto langu! Lile la mwaka nilipokoma hedhi."

"Usinitanie, mama watoto. Mimi mwanamume."

Kesho yake nilirudi peke yangu kwa muuguzi, nikamnong'oneza habari ya operesheni. Akasema ndiyo hivyo, huwapata wengi waliofanyiwa ile. Nikalitundika koti msumarini. Nikampa shati la pamba, kitambaa kibichi cha shingoni, chai iliyopoa. Pombe ya ndizi nikamkataza, maana kila akionja tu, joto hilo! Halikuisha, ila lilipungua makali, na habari za kaburi akaziacha.

Siku moja tunapepeta maharage, likampata. Nikampepea kwa ungo.

"Na wewe mwaka ule," akauliza, "nani alikupepea?"

"Nani tena? Uliniambia najidekeza, ukahamishia mkeka wako sebuleni."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sikumwambia hivyo, ingawa ulimi uliniwasha. Yeye akautwaa ungo mikononi mwangu, akaanza kunipepea mimi, ambaye joto liliniacha miaka mingi iliyopita.

Nikamwacha apepee.