Piano ya Chumba cha Nyuma

Piano iliyolegea nyuzi ina sauti yake, kama sufuria inayogongwa mbali, na nikiisikia popote, hata kanisani, naacha kila ninachofanya. Papo hapo narudi Nyamongo, karibu na mgodi wa dhahabu, nina miaka minane, nimesimama kwenye chumba chetu cha nyuma.

Piano hiyo ilikuwa ya mgeni mmoja wa mgodini. Mkataba wake ulipokwisha, Baba aliuza ndama akainunua, na majirani wakamcheka mwezi mzima: Mkurya gani huyo anauza ng'ombe ili aweke sanduku la kelele ndani? Dada yangu Ghati, mwenye miaka kumi na mitatu, alifundishwa nyimbo nne na mwalimu wa kwaya, zilizobaki akajifundisha mwenyewe. Mgodi ulipolipua miamba mchana nyumba nzima ilitikisika, lakini yeye hakuinua hata kidole kwenye piano.

Haya yanayofuata nilikuwa sijawahi kuyaandika. Baba alinunua mawe ya dhahabu kwa wachimbaji wadogo. Mawe yakishasagwa na kuoshwa, chembe za dhahabu zilinaswa kwa zebaki, yale maji mazito ya rangi ya fedha yanayokimbiakimbia kiganjani, kisha donge lake likachomwa kwenye jiko la mkaa mpaka zebaki ipae kama moshi, ibaki dhahabu tupu. Wengine walichomea uani. Baba aliogopa macho ya watu, akachomea chumba cha nyuma, mgongoni kwa Ghati, kwa sababu piano ikilia jirani hana la kuuliza. Ghati aliambiwa jiko ni la kukausha hewa, mbao za piano zisiharibike. Mimi niliujua ukweli, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kuziba nyufa za dirisha kwa matambara, moshi usitoke. Niliziba vizuri mno, na nilijivuna.

"Piga, mama," Baba alimwambia, maana Ghati alirithi jina la bibi yetu, mama yake Baba. "Piga tena, usiache."

Kuku aliyeatamia chini ya piano alianza kupinda shingo, akafa juu ya mayai yake. Mama alisema ni mdondo. Ghati naye akalalamika kwamba chai ina ladha ya misumari, Mama akasema anadeka. Asubuhi moja kikombe kilimtetemeka mkononi hadi chai ikamwagikia sare ya shule. Nilicheka sana siku ile, na mpaka leo kicheko kile kinanitia aibu.

Baba alikufa mapema, mikono ikimtetemeka. Watu walisema ni gongo, naye hakuwahi kuonja pombe.

Ghati alifika mbali. Alisoma Nairobi, kisha Ulaya, akapiga piano kwenye kumbi ambazo watu husimama kwa suti zao kumpigia makofi. Kila alipohojiwa alisema msikilizaji wake wa kwanza alikuwa Baba, aliyeketi nyuma yake mchana kutwa. Nilisoma maneno hayo gazetini nikakunja gazeti.

Mwaka jana ule mtetemo, ambao kumbe alikuwa akiuficha tangu utotoni, ulimzidi nguvu. Alifuta maonyesho yake yote akarudi nchini, nami nikamsindikiza kwa daktari. Daktari alimwuliza kama amewahi kuishi karibu na zebaki. Ghati akajibu hapana, na kwa ufahamu wake alisema kweli.

"Alikuwa nayo karibu," nikasema. "Kila siku aliyopiga piano nyumbani."

Nikaeleza yote: jiko, donge, matambara. Nilieleza pia kwamba Baba hakujua zebaki inaua, naye alivuta moshi uleule. Nilitarajia Ghati anilaumu. Alishika mkono mmoja kwa mwingine ili utulie.

"Kwa hiyo Baba hakuwa ananisikiliza," akasema.

Nilitamani kumwambia kwamba alikuwa anasikiliza. Lakini yeye alikuwa amempa Baba mgongo, mimi ndiye niliyekuwa nikimtazama, na miaka yote ile sikumwona akiinua macho kutoka kwenye jiko.