Neno la Siri Lililoitwa Getini

Nyumba ya dada yangu pale Segese ina ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu, geti la chuma, na chini ya geti hilo shemeji alifukia zindiko, dawa ya mganga ya kuzuia wezi. Shemeji hununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo, na siku nyingine mzigo hulala nyumbani kabla hajaupeleka Geita. Nilipomaliza chuo nikaenda kukaa kwao huku nikisubiri kazi. Nikamuuliza lile zindiko linafanyaje kazi. Alisema wasomi tuna maswali mengi, kisha akaenda kununua kamera.

Zilikuwa mbili. Moja ilikaa getini, nyingine sebuleni ikitazama mlango, nayo ilinasa hata sauti. Zote zilitegemea waifai ya nyumbani, ili shemeji aione nyumba yake kwenye simu akiwa safarini.

Mchana mmoja, shemeji akiwa Geita, nilikuwa nimekaa sebuleni nikasikia mlio mdogo kama wa nyuki. Kamera ilikuwa inageuka. Iliacha mlango wa nje, ikaenda taratibu hadi ikatulia kwenye mlango wa chumba chao cha kulala, mahali lilipo sanduku la chuma.

Dada alikuwa anachagua mchele. Akacheka, akasema mume wake amekumbuka kitanda chake. Nikampigia shemeji. Alisema yuko barabarani, simu hajaigusa tangu asubuhi.

Nikafungua ukurasa wa mipangilio ya ruta, kile kisanduku kinachogawa waifai. Jina na neno la siri la kuingilia vilikuwa vile vile vilivyobandikwa chini yake kiwandani, na kamera nazo zilikuwa bado na neno la kiwandani. Kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa nikakuta simu zetu, televisheni, kamera mbili, na simu moja ambayo haikuwa ya mtu yeyote wa nyumba ile. Nikamuuliza dada neno la siri la waifai ni lipi.

Alilitaja bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. Lilikuwa jina la mtoto wake wa kwanza.

Tangu mtoto huyo azaliwe, hakuna mtu Segese aliyemwita dada yangu kwa jina lake mwenyewe. Muuza mboga humwita mama wa mtoto huyo, dereva wa bodaboda vilevile, hata kanisani. Kila asubuhi watu walisimama nje ya ukuta wenye vipande vya chupa wakilitamka neno lile kwa sauti, tena kwa heshima zote.

"Sasa ulitaka niweke nini?" dada akauliza. "Hilo ndilo jina langu."

Akaongeza kwamba hata hivyo wageni wengi alikuwa amewapa. Mgeni akiomba maji anapewa, sembuse waifai.

Nikabadilisha kila kitu: neno la kuingilia kwenye ruta, neno la waifai, neno la kamera. Nikaweka maneno marefu yasiyo na maana. Nikazima njia ya kuingia kwenye ruta kutoka nje ya nyumba. Dada akataka kujua hilo langu nalo linafanyaje kazi. Nikaanza kumweleza, nikajisikia ninaongea kama shemeji siku ile ya zindiko. Lakini ile simu ngeni ilikuwa imetoweka kwenye orodha.

Haukupita muda, mtu akagonga geti, akaliita lile jina. Alikuwa kijana mpangaji wa nyumba ya nyuma, mfanyakazi wa karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, mpole, wa shikamoo kwa kila mtu. Alisema mtandao umemkatikia, akaomba neno jipya. Dada akanitazama kwa aibu; kunyima hakujui. Nikasema bado narekebisha, tutamwambia.

"Hamna shida," akasema. Akageuka kuondoka, kisha akasimama. "Bosi si anarudi leo kabla ya jua kuzama?"

Katika biashara ile safari haitangazwi. Shemeji alikuwa ameitaja saa hiyo kwa dada peke yake, sebuleni, kwa sauti ya chini.

"Alisharudi," dada akasema. "Yuko ndani, amelala."

Kijana akatabasamu. "Haya, mama. Mwache apumzike."

Dada alifunga geti, akampigia mumewe, akamwambia asirudi siku hiyo. Shemeji hakuuliza sababu. Aligeuza, akalala Geita, akaja baadaye kwa njia nyingine. Yule kijana akahama wiki ile ile. Mwenye nyumba alisema amerudi kwao, ila hakujua kwao ni wapi.

Sina ushahidi. Huenda alisikia saa ile kwa mtu mwingine. Huenda ile simu ilikuwa ya jirani aliyetaka kuangalia mpira tu. Nimejiuliza mara nyingi, na mimi ni mtu wa kuuliza.

Asubuhi iliyofuata siku ile kijana alipogonga geti, muuza mboga alifika kama kawaida. "Mwangaluka," alisalimu kwa Kisukuma, kisha akaita jina lile. Dada alisimama jikoni na kisu mkononi, akamwacha aite, aite tena, kabla ya kuitika.