Mfalme Asiyeongeleshwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika mapema mno, nikalizunguka jengo mara nne kwenye theluji kwa sababu niliona haya kuonekana nimewahi. Ninaandika haya nikiwa na miaka ishirini na sita, na najua mtacheka mtu wa umri huo akijiita mstaafu. Lakini kazi ya kuongoza wageni wa makumbusho kwa Kiswahili hapa Toronto ilidumu miaka minne tu, mradi ukafungwa. Ninyi mnaotaka kuufufua mmeniomba niwaeleze tulivyokuwa tukiifanya. Sina shahada ya historia. Nilijisomea mwenyewe maktabani Flemingdon Park, na kila nilichokijua nilikuwa na hofu kwamba nimekijua vibaya.

Mwaka wa kwanza niliwekwa chumba cha makoti. Mwaka wa pili nikapandishwa kuwa mwongozaji, chini ya Mkuu wa Ziara, mama wa makamo aliyezaliwa Mombasa, ambaye hakuwahi kunipazia sauti na bado nilimwogopa. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba ziara imejengwa kwa vituo na viungo. Kituo ni pale mnaposimama mbele ya kabati moja la kioo; kiungo ni ile sentensi inayowavuta watu waende kabati linalofuata. Kituo kilipewa dakika sita. Kikizidi, kundi la nyuma linawakanyaga visigino. Kwa hiyo maswali yote yaliwekwa mwishoni. Sheria hiyo niliipenda kuliko zote, kwa kuwa swali ndilo jambo pekee ambalo sikuweza kulifanyia mazoezi mbele ya kioo cha bafuni.

"Mwanangu," aliniambia siku moja, "wasema kama mtu afukuzwaye. Nani akufukuza?"

Kituo changu kikubwa kilikuwa kabati la wanyama wa udongo wa enzi ya Han, China ya kale: kuku, nguruwe, mbwa, ng'ombe, waliozikwa pamoja na wafu. Mbele yake nilisimulia habari za mfalme ambaye vitabu vinamwita Mtoto tu. Mfalme wa kabla yake alikufa bila mrithi. Waziri mwenye nguvu zote akapanga majina ya watoto wengi wa ukoo, akamchagua mdogo kuliko wote, ambaye hata kusema alikuwa hajajua sawasawa, kisha akatangaza kwamba ishara za mbinguni ndizo zilizomchagua. Mtoto akaitwa mrithi, waziri akajiita kaimu. Haikupita miaka mingi kaimu akakikalia kiti mwenyewe. Siku hiyo alimshika mtoto mkono, akalia mbele ya watu wote, akisema mbingu zimemlazimisha. Mtoto akateremshwa, akafungiwa ndani ya nyumba yenye walinzi, na walezi wake wakakatazwa kumsemesha. Akakua hivyo hivyo, hata akawa mtu mzima asiyeweza kutaja jina la kuku.

Jumamosi moja Mkuu wa Ziara alisimama nyuma ya kundi langu akiwa na saa mkononi, ili aamue kama nipewe ziara za Jumamosi moja kwa moja. Sikuwa nimekula tangu jana yake. Katika kundi alikuwamo Baba Neema, Mkongo anayeishi mtaa wa St. James Town, na Neema mwenyewe, binti yake wa miaka saba. Wakati wa kuvua makoti alikuwa amenivuta pembeni.

"Dada, huyu mutoto anasikiaka yote. Kujibu ndiyo anajibu na Kiingereza tu. Mama yangu iko mugonjwa sana kule Bukavu. Anataka asikie sauti yake, hata mara moja. Nikimupatia simu, ananyamaza."

Nilimwitikia, lakini akilini nilikuwa napanga viungo.

Nilipofika pale walezi walipokatazwa kumsemesha mtoto, sauti ndogo ikatoka mbele kabisa, kwa Kiswahili.

"Kama alianguka, alikuwa anaita nani?"

Sikujua. Hakuna kitabu kilichokuwa kimeniambia. Niliiona saa ya Mkuu, nikasema kwa sauti ya upole niliyoifanyia mazoezi, "Maswali mwishoni, tafadhali."

Neema akarudi nyuma ya mguu wa baba yake. Mwishoni nilimwita aulize. Akatikisa kichwa, akanijibu kwa Kiingereza kwamba hana swali. Baba yake alinishukuru kwa ziara nzuri, na shukrani hiyo iliniuma kuliko tusi. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mbele ya watu, ile ilikuwa mara ya kwanza binti yake kusema Kiswahili.

Mkuu aliniambia muda wangu ulikuwa sahihi kabisa na kwamba Jumamosi ni zangu. Nikalia palepale, nikamweleza. Alisikiliza hadi nikamaliza.

"Umemnyang'anya swali lake," alisema. "Mrudishie. Jibu usihangaike nalo."

Nilimpigia Baba Neema kwa namba aliyoiacha alipojiandikisha, nikamwomba warudi Jumamosi iliyofuata. Alibadilishana zamu kiwandani ili aje. Wiki nzima nilitafuta vitabuni nisipate kitu, na nilichokiogopa zaidi ni kwamba bibi yake Neema angefariki kabla ya kumsikia, kwa sababu yangu.

Walikuja. Nilisimulia mpaka mwisho: jinsi kaimu alivyopinduliwa na kuuawa, jinsi waasi walivyomtoa yule kijana na kumtangaza mfalme kwa ajili ya mambo yao, na jinsi alivyouawa baada ya muda mfupi tu, bila mtu kumwuliza kama alikitaka kiti. Kisha nikasema, "Wiki iliyopita Neema aliuliza, akianguka alimwita nani. Sijui. Nimetafuta, na hakuna aliyeandika."

Nilikuwa na sentensi tatu tayari mdomoni, nikazibana. Mtu mmoja alikohoa. Kundi la nyuma lilikuwa limeshafika. Mkuu alivuta mkono wa sweta lake, akaifunika saa.

Neema akasogea hadi pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo.

"Labda aliita ile kuku."

"Aiite namna gani?" baba yake akauliza taratibu. "Si dada amesema hakujua jina yake?"

"Aliipatia ingine."

"Jina gani?"

"Papa, iko siri yake."

Watu wakacheka, naye akacheka.

Mradi ulipofungwa nilikabidhi maandishi ya vituo vyote, na ndiyo haya mliyonayo. Mtaona kituo cha wanyama kimevuka dakika sita. Msikipunguze. Nimejuta mambo mengi katika kazi hii, mengi yakiwa madogo ambayo hakuna mwingine aliyeyaona, na wasiwasi wangu haujaisha. Nimejifunza tu kuunyima nafasi ya kusema kwanza.

Siku ile, baada ya ziara, Baba Neema aliketi kwenye benchi karibu na makoti, akapiga simu Bukavu. Ikapokelewa. Akampa mtoto, naye akaishika kwa mikono miwili. Nakiri nilitaka kusimama karibu, nimwongezee neno akikwama. Nikatoka nje bila koti. Alichomwambia bibi yake sikijui. Nilipogeuka na kutazama kupitia mlango wa kioo, alikuwa bado anaongea.